Tathmini ya ujuzi wa mikono kwa watoto

Tathmini ya ujuzi wa mikono kwa watoto ni upimaji wa namna mtoto anavyoutumia mkono wake, kuanzia begani hadi ncha za vidole, katika kufikia, kushika, kubeba, kugeuza na kuachia vitu. Hufanywa hasa na wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo. Madaktari wa watoto, wauguzi na walimu wa elimu mjumuisho nao hufanya sehemu yake. Lengo si kumpa mtoto alama kama za mtihani wa skuli, bali kujua mambo matatu: anaweza kufanya nini, kwa kawaida hufanya nini, na kitu gani kinamzuia.

Makala hii inaeleza misingi ya upimaji huo na inachukua mifano mingi kutoka Kikwajuni, mtaa wa mji wa Zanzibar ulio jirani na Mji Mkongwe, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki kwa jumla. Sababu ya kufanya hivyo ni kwamba mkono hupimwa kwa kazi za kila siku, na kazi hizo hutofautiana kati ya jamii moja na nyingine. Mtoto anayekula wali kwa mkono na mtoto anayekula kwa uma hawafanyi kazi moja, hata kama wote wawili wameandikiwa kuwa "anakula mwenyewe".

Mkono na kazi zake

Katika Kiswahili neno "mkono" linachukua kiungo chote, kuanzia bega, kiwiko (Zanzibar huitwa pia kisugudi), kifundo, kiganja hadi vidole. Maana hiyo pana inafaa sana katika tathmini, kwa sababu vidole haviwezi kufanya kazi vizuri kama bega na kiwiko havikuvifikisha mahali panapotakiwa na kuvishikilia hapo.

Kazi za mkono hugawanywa katika makundi yafuatayo:

- Kufikia: kunyoosha mkono hadi kwenye kitu na kuufungua kwa kadiri ya ukubwa wa kitu hicho.
- Kushika: kwa kiganja kizima, kama mtu anayeshika mpini wa jembe, au kwa ncha za kidole gumba na kidole cha shahada, kama mtu anayeokota punje ya mchele.
- Kuachia: kufungua vidole kwa wakati na mahali panapotakiwa. Watoto wengi wenye misuli iliyokakamaa huona kuachia ni kugumu kuliko kushika.
- Kuhamisha kitu ndani ya kiganja: kwa mfano kusogeza sarafu kutoka kiganjani hadi ncha za vidole bila kusaidiwa na mkono wa pili.
- Kutumia mikono miwili pamoja: mmoja hushikilia na mwingine hutenda, kama katika kumenya chungwa au kufungua chupa.
- Kujikinga na kujiegemeza: kutanguliza mikono mtoto anapoanguka, au kuiegemea anapotambaa.

Sababu za upimaji

Watoto hupelekwa kupimwa mikono kwa sababu nyingi. Iliyo kubwa miongoni mwazo ni mtindio wa ubongo, yaani hali inayotokana na madhara katika ubongo unaokua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo ya maisha. Madhara hayo yanaweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya wakati, manjano kali ya watoto wachanga, homa ya uti wa mgongo au malaria kali. Mtindio wa ubongo ukigusa upande mmoja wa mwili huitwa hemiplejia. Hapo mkono huathirika mara nyingi zaidi kuliko mguu, hivyo mtoto anaweza kutembea vizuri na watu wasitambue tatizo mpaka atakapoanza skuli.

Sababu ya pili ni kuumia kwa fungu la mishipa ya fahamu ya bega wakati wa kuzaliwa, hasa mtoto mkubwa anapokwama mabega. Mkono wa mtoto huyo hulala pembeni umenyooka, umegeukia ndani, na kifundo kimekunjwa. Wengi hupona wenyewe katika wiki au miezi ya mwanzo. Wasiopona huhitaji uangalizi wa mapema: mtoto ambaye bado hawezi kukunja kiwiko chake akifika miezi 3 anatakiwa aonwe na daktari bingwa, kwa kuwa muda unaofaa kwa upasuaji wa mishipa ni mfupi.

Sababu nyingine ni kuchelewa kwa ukuaji kwa jumla, ulemavu wa akili, mikono iliyozaliwa na kasoro ya umbo, makovu ya kuungua moto au maji moto, mivunjiko, na ugumu wa uratibu wa mwendo kwa watoto ambao ubongo wao hauna jeraha linaloonekana.

Hatua za ukuaji wa mkono

Mpimaji hulinganisha anachokiona na mpangilio wa kawaida wa ukuaji. Umri unaotajwa hapa ni wa kukadiria, kwani watoto wazima hutofautiana kwa wiki na hata miezi.

- Kuzaliwa: mtoto hufumba kidole chochote kinachowekwa kiganjani mwake bila kukusudia. Mshiko huo wa kuzaliwa nao hufifia kadiri miezi inavyopita na kuuachia nafasi mshiko wa hiari.
- Miezi 3: mikono iko wazi muda mwingi, na mtoto huileta pamoja mbele ya kifua na kuitazama.
- Miezi 4 hadi 5: hunyoosha mkono kufikia kitu.
- Miezi 6: huhamisha kitu kutoka mkono mmoja kwenda wa pili.
- Miezi 9 hadi 12: huokota vitu vidogo kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na huanza kuachia kitu kwa kukusudia ndani ya chombo.
- Miezi 18: hupanga vipande 3 au 4 vya mbao, kimoja juu ya kingine.
- Miaka 2: hupanga vipande kama 6.
- Miaka 3: huiga duara kwa kalamu.
- Miaka 4: huiga msalaba wa mistari miwili.
- Miaka 5: huiga mraba.

Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, umri hurekebishwa kwa kutoa wiki alizozaliwa mapema. Kwa kawaida marekebisho hayo huendelea hadi atimize miaka 2.

Kuna jambo moja katika mpangilio huu ambalo wazazi wengi hawalijui. Katika mwaka wa kwanza mtoto hutumia mikono yote miwili karibu sawa. Kupendelea mkono mmoja huanza kujitokeza baadaye na kutulia kati ya miaka 2 na 4. Kwa hiyo mtoto wa miezi 7 au 8 anayechukua kila kitu kwa mkono mmoja tu, huku wa pili ukiwa umefumbwa au umelala, hajaonyesha mapema kuwa ana shoto au kuwa ni wa kulia. Inawezekana anaonyesha kuwa mkono wa pili ni dhaifu, na anatakiwa apimwe.

Namna upimaji unavyofanyika

Mazungumzo na familia

Tathmini huanza kwa kusikiliza. Mpimaji huuliza habari za mimba, uzazi na maradhi, na kisha namna mtoto anavyokula, anavyovaa, anavyooga na anavyocheza. Maswali ya jumla kama "Je, anatumia mikono vizuri?" hayasaidii, kwa sababu mzazi hujibu "ndiyo" kwa upendo au kwa heshima. Swali zuri hutaja kazi: "Jana alipokula, nani alishika bakuli? Alipovaa shati, nani alifunga vifungo?"

Ni vyema pia kumuuliza mtu anayeshinda na mtoto. Katika nyumba nyingi za Unguja huyo ni bibi, shangazi au dada mkubwa, na pengine si mama aliyemleta mtoto hospitali.

Kutazama mchezo

Kabla ya kumgusa mtoto, mpimaji humwachia nafasi acheze. Hutazama mkono upi unatangulia, upi unasaidia, kama mtoto anavuka katikati ya mwili kufuata kitu kilicho upande wa pili, na kama anajipindua mwili mzima ili asiutumie mkono mmoja. Mtoto mwenye njaa, usingizi au woga hatoi picha ya kweli, hivyo wapimaji wazoefu humpakata mtoto mdogo kwa mama yake na kuanza kwa vitu anavyovijua.

Kupima mwili

Hapo hupimwa viungo vyenyewe:

- Upana wa mwendo: kiungo kinafika wapi. Hupimwa kwa goniometa, chombo kama rula mbili zilizounganishwa kinachosoma pembe kwa digrii. Hupimwa mara mbili: mtoto akijinyoosha mwenyewe, na mpimaji akimnyoosha. Kama mpimaji anakifikisha kiwiko mwisho lakini mtoto mwenyewe hafiki, tatizo liko katika nguvu au udhibiti. Kama hata mpimaji hafiki, kiungo au misuli imefupika.
- Nguvu: hupewa daraja 0 hadi 5. Daraja la 3 maana yake misuli inaweza kuinua kiungo dhidi ya uzito wake tu, bila kizuizi kingine. Nguvu ya kushika hupimwa kwa dinamomita kwa watoto wanaoweza kufuata maelekezo.
- Ukakamavu: mpimaji hunyoosha kiungo na kuhisi ukinzani. Kipimo kinachotumika sana ni cha Ashworth kilichorekebishwa mwaka 1987, chenye madaraja kuanzia 0 hadi 4.
- Hisia: mtoto hufumba macho na kutambua kwa kugusa kama ameshika ufunguo, sarafu au jiwe. Mkono usiohisi vizuri huachwa bila kutumiwa hata kama una nguvu.

Kupima kazi

Mwisho mtoto hupewa kazi halisi. Hii ndiyo sehemu muhimu kuliko zote, maana mtoto anaweza kuwa na digrii chache pungufu katika kifundo na bado akafanya kila kitu. Mwingine anaweza kuwa na viungo vilivyo huru lakini asiweze kufunga kifungo kimoja.

Vipimo rasmi

Kipimo rasmi ni kile chenye kazi zilizopangwa, maelekezo yasiyobadilika na njia moja ya kutoa alama, ili wapimaji wawili wafikie jibu linalokaribiana. Baadhi ya vipimo vinavyojulikana duniani ni hivi:

- MACS ni mfumo wa madaraja matano ulioanzishwa na wataalamu wa Sweden na kuchapishwa mwaka 2006, kwa watoto wenye mtindio wa ubongo wa miaka 4 hadi 18. Daraja la I ni mtoto anayeshika na kutumia vitu kwa urahisi. II hutumia vitu vingi lakini polepole au kwa ubora mdogo. III hupata shida na huhitaji kuandaliwa vitu. IV huweza vitu vichache vilivyorahisishwa. V hawezi kushika vitu. Mfumo huu hauhitaji kifaa chochote, hutegemea mazungumzo na mtu anayemjua mtoto. Upo pia mfumo mdogo wake kwa watoto wa miaka 1 hadi 4.
- Kipimo cha Melbourne kilitungwa Australia. Mtoto hufanya kazi kadhaa za kufikia, kushika na kuachia, hurekodiwa kwa video, kisha hupewa alama kwa upana wa mwendo, usahihi, wepesi wa vidole na ulaini wa mwendo.
- QUEST kilitungwa Kanada kwa watoto wa miezi 18 hadi miaka 8. Hupima mwendo wa kiungo kimoja kimoja, mshiko, kujiegemeza kwa mikono na kujikinga wakati wa kuanguka.
- AHA, kutoka Sweden, ni kwa watoto walioathirika upande mmoja. Mtoto huchezea vitu vinavyohitaji mikono miwili, na mpimaji hutazama mkono dhaifu unamsaidia kiasi gani ule mzima. Haulizwi auonyeshe mkono huo, huachwa acheze.
- Kipimo cha sanduku na vipande ni rahisi: mtoto huhamisha vipande vidogo vya mbao kimoja kimoja kuvuka ukuta wa katikati ya sanduku, na huhesabiwa alivyohamisha kwa sekunde 60.

Vipimo hivi havijibu swali moja. Melbourne na sanduku la vipande huonyesha uwezo, yaani mtoto anaweza nini anapoombwa na kutiwa moyo. MACS huonyesha matumizi, yaani hufanya nini kila siku, na AHA hutazama matumizi hayo katika mchezo. Pengo kati ya uwezo na matumizi ni habari kubwa. Mtoto anayeweza lakini hafanyi anahitaji msaada tofauti na mtoto asiyeweza kabisa.

Vipimo vya Afrika Mashariki

Vipimo vya nje vina kasoro vinapoletwa vilivyo. Swali la kufunga kamba za viatu halimhusu mtoto anayevaa ndara mwaka mzima. Swali la kukata karatasi kwa mkasi linaweza kumfanya mtoto mzima aonekane mgonjwa kwa sababu tu hajawahi kushika mkasi. Kukosa mazoea na kukosa uwezo ni vitu viwili tofauti. Njia nyepesi ya kuvitenganisha ni kumfundisha mtoto kazi hiyo kwa dakika chache, kisha kumpima tena. Aliyekosa mazoea hupanda haraka.

Kwa sababu hiyo watafiti wa eneo hili wametunga vipimo vyao. Katika pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitunga Orodha ya Ukuaji ya Kilifi, inayojulikana kwa kifupi kama KDI, na tathmini yake ilichapishwa mwaka 2008. Ni ya watoto wa miezi 6 hadi 35 na hupima mambo mawili: mwendo wa mwili mzima, na uratibu wa macho na mikono. Nchini Malawi, Melissa Gladstone na wenzake walichapisha mwaka 2010 kipimo cha MDAT chenye vipengele 136, vikiwamo vya kazi ndogondogo za mikono.

Zanzibar nayo imo katika historia ya upimaji wa mwendo wa watoto. Utafiti uliofanyika kisiwani Pemba na kuchapishwa mwaka 2001 ulichunguza athari za dawa ya madini ya chuma na dawa ya minyoo kwa ukuaji wa watoto 614 wa miezi 6 hadi 59. Ulihusu zaidi mwendo wa mwili mzima na lugha kuliko mikono, lakini una funzo kwa mada hii: habari za hatua za ukuaji zilikusanywa kwa kuwauliza wazazi. Mzazi aliyeulizwa kwa lugha yake, kuhusu kitendo anachokiona kila siku, ni shahidi mzuri.

Mkono wa kulia na mkono wa kushoto

Katika jamii za Waislamu wa Zanzibar, na pwani yote kwa jumla, mkono wa kulia ni wa kula, kupokea na kutoa, na wa kushoto ni wa kujisafisha. Mtoto hufundishwa hivyo tangu mdogo, na ni sehemu ya malezi mema. Mpimaji asiyelijua hili anaweza kukosea, na familia isiyojua dalili za ulemavu inaweza kukosea pia. Makosa yenyewe ni ya aina tatu.

Kwanza, mkono wa kushoto dhaifu hufichika. Mtoto wa miezi 8 anayechukua kila kitu kwa mkono wa kulia huonekana ana adabu mapema. Hakuna anayejiuliza kwa nini mkono wa kushoto umefumbwa, na miezi hupita.

Pili, mkono wa kulia dhaifu hugeuzwa kuwa kosa la tabia. Mtoto anayenyoosha mkono wa kushoto kwenye sinia hukatazwa, pengine hupigwa kikofi, na akirudia huitwa mkaidi. Kumbe mkono wa kulia haumtii. Mtoto huyo huadhibiwa kwa ugonjwa wake, na baadhi yao huacha kula mbele za watu.

Tatu, matokeo ya kipimo huharibika. Mpimaji akimpa mtoto biskuti au kitu chochote kwa upande wa kushoto, mtoto aliyelelewa vizuri huvuka na kukipokea kwa mkono wa kulia. Hilo si udhaifu wa kushoto, ni heshima. Ili kuupima mkono wa kushoto kwa haki, zitumike kazi ambazo desturi haizigusi: kushikilia chupa inayofunguliwa, kujenga kwa vipande, kupokea mpira, kupanda ngazi kwa kushika ukingo.

Jambo hili huwahusu wataalamu wakati wa tiba pia. Katika tiba moja inayotumika sana kwa hemiplejia, mkono mzima hufungwa kwa muda ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Kama mkono dhaifu ni wa kushoto, muda wa tiba usiangukie wakati wa kula. Kama mkono wa kulia hautaweza kamwe kupeleka chakula mdomoni, familia inahitaji kusikia mapema kwamba kwa mafundisho ya dini mwenye udhuru halaumiwi akila kwa mkono wa kushoto. Mara nyingi neno hilo likitoka kwa mwalimu wa madrasa lina uzito kuliko likitoka kwa mtaalamu wa hospitali.

Vitu vya nyumbani kama vifaa vya kupimia

Masanduku ya vipimo rasmi ni ghali na mengi huagizwa kutoka nje. Hayo hayana mbadala pale alama rasmi zinapotakiwa, lakini kwa uchunguzi wa mwanzo vitu vya nyumbani vinatosha:

- Kete za bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kuokota kete moja moja hupima mshiko wa ncha za vidole. Kushika kete nne kiganjani na kuzidondosha moja katika kila shimo hupima uhamishaji ndani ya kiganja. Watoto walio chini ya miaka 3 wasipewe kete, kwani huzitia mdomoni.
- Tonge la wali. Kukusanya wali kwa vidole, kuubana na kuusukuma mdomoni kwa kidole gumba ni kazi ngumu kuliko kutumia kijiko, na huonyesha kifundo, vidole na kiwiko kwa pamoja.
- Udhu. Kuosha mkono wa kulia kwa wa kushoto hadi kwenye kiwiko, kisha kubadilisha, hupima mikono yote miwili na kuvuka katikati ya mwili. Kupaka maji kichwani huonyesha mwendo wa bega.
- Mtandio na kofia. Kufunga mtandio hutaka mikono yote miwili ifike juu ya kichwa na kufanya kazi bila kuonekana.
- Kusuka ukili na kuchambua karafuu. Kwa watoto wakubwa, kazi hizi hupima vidole vya mikono yote miwili vikifanya vitu tofauti kwa wakati mmoja.
- Kalamu. Mtoto wa Zanzibar huandika Kiswahili kutoka kushoto kwenda kulia na Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Ni vizuri kutazama maandishi yote mawili, kwani anayeshindwa upande mmoja anaweza kuwa na tatizo la mwendo wa bega au la macho.

Mfano wa tathmini

Mfano ufuatao ni wa kubuni. Mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nusu, anayeishi ghorofani Kikwajuni, ameletwa na mama yake kwa sababu "ana shoto na hataki kuacha". Katika mazungumzo bibi anakumbuka kwamba alipokuwa na miezi 7 alishika kila kitu kwa kushoto, na alipotambaa mkono wa kulia ulikunjwa kifuani.

Katika mchezo anafungua chupa kwa kuibana katikati ya mapaja. Mkono wa kulia hautumii mpaka aambiwe. Akiambiwa, anashika kopo kwa mkono huo, lakini kuliachia kunamchukua sekunde kadhaa na kifundo kinakunjika. Mpimaji anaweza kukinyoosha kifundo hadi mwisho, ila mtoto mwenyewe anafika nusu. Kuna ukakamavu kidogo. Akifumba macho hatambui ufunguo kwa mkono wa kulia, ingawa kwa kushoto anautambua mara moja.

Picha inayopatikana si ya mtoto mkaidi, wala si ya mtoto mwenye shoto tu. Ni ya mtoto mwenye dalili za hemiplejia ya kulia, ambaye viungo bado havijafupika na ambaye uwezo wake unazidi matumizi yake. Anapelekwa kwa daktari kuthibitisha chanzo. Wakati huohuo familia na mtaalamu wanaandika lengo linaloweza kupimika: "Baada ya wiki 12 atashikilia bakuli kwa mkono wa kulia huku akichota uji kwa kijiko kwa mkono wa kushoto, mara 4 katika kila mara 5." Wiki 12 zikiisha, kazi ileile inapimwa tena kwa njia ileile.

Baada ya tathmini

Ripoti nzuri ni fupi na inasomeka na mzazi na mwalimu. Hueleza mtoto anaweza nini kabla ya kueleza asichoweza, hutaja kazi moja hadi tatu zinazopewa kipaumbele na tarehe ya kupima tena. Mazoezi huingizwa katika shughuli za kila siku, kama kuoga, kuvaa na kucheza, kwa kuwa familia yenye kazi nyingi haiwezi kuongeza saa nzima ya mazoezi kila siku.

Zanzibar, hospitali kuu ya rufaa ni Mnazi Mmoja, iliyo mwendo mfupi kutoka Kikwajuni. Tanzania Bara, Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam inajulikana kwa huduma za watu wenye ulemavu, na KCMC ya Moshi hufundisha wataalamu wa fiziotherapia na tiba kwa vitendo. Jumuiya za watu wenye ulemavu, kama Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, husaidia familia kujua haki zao na mahali pa kuanzia.

Dalili za kumpeleka mtoto akapimwe

- Mkono mmoja hauchezi tangu kuzaliwa, au unacheza kidogo kuliko mwingine.
- Viganja bado vimefumbwa muda mwingi baada ya miezi 4.
- Hanyooshi mkono kufikia kitu akiwa na miezi 6.
- Anapendelea mkono mmoja kabla ya kutimiza mwaka 1, uwe wa kulia au wa kushoto.
- Hatangulizi mikono anapoanguka mbele ingawa ameshatimiza mwaka 1.
- Amepoteza ujuzi aliokuwa nao. Hili ni la haraka, mtoto aonwe na daktari bila kuchelewa.

Dalili moja haimaanishi lazima kuna ulemavu. Maana yake ni kwamba mtoto apimwe sasa, wakati ubongo wake bado ni mwepesi kujifunza na viungo vyake bado ni laini.